Kufuatilia mlipuko wa mionzi ya gama ukiwa Ramadhani, Njombe

Tarehe 1 Septemba 2016 watu walimiminika Rujewa, wilayani Mbarali, kuangalia jua likipatwa hadi likabaki kama pete. Tarehe, saa na dakika vilijulikana miaka mingi kabla, kwa hiyo aliyetaka kwenda alipanga safari, akatafuta miwani, akafika. Mlipuko wa mionzi ya gama hauna kalenda ya namna hiyo. Unatokea upande wowote wa anga, mchana au usiku. Mwingine haumalizi sekunde mbili, mwingine unadumu dakika kadhaa, halafu umekwisha na haurudi. Ukikukuta hujajiandaa, utasoma habari zake kwa wenzako.

Mwongozo huu ni wa mtu wa kawaida: mwanafunzi wa sekondari kata ya Ramadhani, mwalimu wa fizikia, fundi simu wa Makambako, mkulima wa viazi mwenye simu janja. Huhitaji kumiliki darubini. Darubini unayoitumia iko juu tayari, na data zake ziko wazi kwa kila mtu bila malipo. Kazi yako ni mbili tu: kuwa tayari kabla taarifa haijafika, na kutoiamini upesi ikishafika. Hiyo ya pili ndiyo inayowashinda wengi.

Kwa nini darubini ya angani

Mionzi ya gama ni nuru, ya ukoo mmoja na hii inayotuonesha njia, ila nguvu yake ni kubwa mno. Angahewa inaimeza kabla haijafika ardhini. Tuko Njombe kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900, lakini mwinuko huo hausaidii kitu; hata juu ya Kilimanjaro bado hewa iliyobaki juu yako ni nyingi. Anayetaka kuinasa lazima atoke nje ya angahewa.

Waliouona mlipuko wa kwanza hawakuwa wakiutafuta. Baada ya mkataba wa mwaka 1963 wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia angani na baharini, Marekani ilirusha setilaiti za Vela kuchunguza kama kuna anayekiuka. Tarehe 2 Julai 1967 Vela zikanasa mmweko wa gama usiofanana na bomu lolote. Habari hiyo ilikaa kimya mpaka 1973, wanasayansi wa Los Alamos walipotangaza kwamba mimweko ya namna hiyo inatoka mbali, nje kabisa ya mfumo wetu wa jua.

Leo tunajua chanzo chake kwa sehemu kubwa. Milipuko mirefu, inayozidi sekunde mbili, kwa kawaida hutokana na nyota kubwa sana kuishiwa nguvu na kuporomoka ndani yake. Mifupi hutokana na nyota mbili za nyutroni kugongana na kuungana. Mpaka huo wa sekunde mbili si ukuta. Ipo michache iliyoukiuka. Lakini kwa kuanzia unakutosha.

Malindi inahusikaje

Wengi wanadhani mambo haya yote yanapita Houston au Paris. Setilaiti ya Swift, iliyorushwa tarehe 20 Novemba 2004 na sasa ikiitwa kwa heshima ya Neil Gehrels aliyeiongoza, hushusha data zake Malindi, pwani ya Kenya, kwenye kituo cha Waitaliano. Sababu ni ya kijiografia. Swift inaizunguka dunia karibu na ikweta. Haivuki nyuzi 21 kaskazini wala kusini. Kituo kilichopo nyuzi tatu kusini mwa ikweta kinaiona ikipita mara nyingi kwa siku, wakati kituo cha kaskazini mwa Ulaya kisingeiona kamwe. Njombe tuko kama nyuzi tisa kusini, kwa hiyo ipo mizunguko ambayo inapita juu ya vichwa vyetu.

Malindi haikuanza na Swift. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ikiadhimisha uhuru, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani ilirushwa kwenye jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru. Miaka miwili baadaye, Novemba 1972, jukwaa hilo hilo lilirusha SAS-2, iliyokuwa na darubini ya gama. Na BeppoSAX ya Italia, iliyokuwa ikishusha data Malindi, ndiyo iliyofungua fundo kubwa la somo hili: tarehe 28 Februari 1997 ilinasa mlipuko, kisha ikaona mng'ao wa eksirei unaofifia mahali pale pale. Mng'ao ule ndio uliowapa wanaastronomia mahali kamili pa kuelekeza darubini za ardhini, na miezi michache baadaye mlipuko mwingine ukathibitisha kwamba umbali wake ni mabilioni ya miaka ya nuru.

Hapa pana jambo la kuelewa kabla hujaendelea. Swift ina vyombo vitatu. Cha kwanza, BAT, kinaangalia eneo pana la anga kikisubiri mmweko wa gama. Kikiuona, setilaiti nzima inageuka yenyewe, mara nyingi ndani ya dakika moja na nusu, ili vyombo viwili vinavyoona eneo dogo la anga, XRT cha eksirei na UVOT cha mwanga wa kawaida na urujuanimno, vitazame mahali penyewe. Taarifa ya dharura haingoji Malindi. Inarushwa papo hapo kupitia setilaiti nyingine za mawasiliano, na ndani ya sekunde chache iko ardhini. Mzigo mkubwa wa data ndio unaosubiri kushushwa kituoni. Ndiyo maana utapata kwanza ujumbe mfupi wenye makadirio, halafu baada ya saa moja au mbili grafu nzuri. Usikate tamaa ukifungua ukurasa mapema ukakuta mtupu.

UTAKACHOHITAJI

- Simu janja au kompyuta mpakato, na bando. Ujumbe wenyewe ni maandishi matupu, haumalizi bando. Mafaili makubwa ya data ndiyo yanayolila; usiyaguse mwanzoni.
- Anwani ya barua pepe ya kazi hii peke yake, ili taarifa zisizikwe chini ya matangazo.
- Daftari na kalamu. Ndiyo, daftari: umeme ukikatika nalo linabaki.
- Programu ya ramani ya nyota. Stellarium inapatikana bure. Iwekee mahali pako: latitudo −9.33, longitudo 34.77 kwa Njombe mjini.
- Mtu wa pili. Kazi hii inachosha ukiwa peke yako, na macho mawili zaidi hukamata makosa.

Kujiandikisha

Taarifa za milipuko yote hupitia mtandao mmoja wa NASA unaoitwa GCN. Una aina mbili za ujumbe. Notices zinaandikwa na mashine, zinakuja haraka na hazina huruma. Circulars zinaandikwa na watu, yaani wanaastronomia wanaoelezana walichokiona. Hizi zinachelewa kidogo lakini ndizo zenye akili.

1. Fungua gcn.nasa.gov, jisajili kwa barua pepe yako na uweke nywila.
2. Ingia kwenye sehemu ya kupokea taarifa kwa barua pepe. Chagua mtindo wa maandishi ya kawaida, maana ndio unaosomeka kwenye simu.
3. Katika orodha ndefu utakayoona, weka alama tatu tu: SWIFT_BAT_GRB_POS_ACK, SWIFT_XRT_POSITION na FERMI_GBM_FIN_POS.
4. Weka alama pia kwenye Circulars.
5. Hifadhi, kisha subiri. Fermi, setilaiti nyingine ya gama iliyorushwa tarehe 11 Juni 2008, peke yake hunasa milipuko zaidi ya 200 kwa mwaka, kwa hiyo si kawaida wiki nzima kupita bila ujumbe.

Ukiweka alama kwenye kila kitu, simu italia usiku kucha kwa mambo yasiyokuhusu, na ndani ya siku tatu utakuwa umeizima.

SAA: KUTOKA UTC KWENDA SAA YETU

Taarifa zote zinatumia UTC, ambayo iko nyuma ya Tanzania kwa saa tatu. Saa zetu za Kiswahili nazo ziko nyuma ya saa ya Kizungu kwa sita. Ukijumlisha tatu kisha ukatoa sita, umetoa tatu. Kwa hiyo chukua UTC, toa 3, basi. Jibu likizidi 12, toa 12. Likiwa sifuri au chini yake, ongeza 12.

- 06:12 UTC: saa 3:12 asubuhi
- 12:41 UTC: saa 9:41 alasiri
- 20:00 UTC: saa 5:00 usiku
- 01:30 UTC: saa 10:30 usiku

Tahadhari ya tarehe: siku ya UTC inaanza wakati kwetu ni saa 9 usiku. Mlipuko wa saa 8 usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa UTC bado ni wa Jumapili. Jina la mlipuko linafuata tarehe ya UTC.

Kusoma ujumbe wa mashine

Ujumbe wa Swift una mistari mingi, lakini mitano inatosha.

GRB ni kifupisho cha Kiingereza cha mlipuko wa mionzi ya gama. GRB_TIME ni wakati mlipuko ulipogunduliwa. Utakuta namba kubwa ya ajabu, mfano 51017, ikifuatwa na saa ya kawaida kwenye mabano. Namba ile ni sekunde tangu usiku wa manane wa UTC: 51017 ni 14:10:17. Usiichanganye na NOTICE_DATE, ambayo ni wakati ujumbe ulipoandikwa. Muda kati ya hizo mbili ndio muda uliokwisha kuupoteza.

GRB_RA na GRB_DEC ni mahali angani. Zichukulie kama longitudo na latitudo zilizochorwa kwenye anga badala ya ardhi. RA mara nyingi huandikwa kwa nyuzi, 0 hadi 360. Ramani nyingi za nyota zinaitaka kwa saa, 0 hadi 24. Gawa kwa 15.

GRB_ERROR ni kosa linaloweza kuwepo kwenye mahali hapo. BAT hukosea kwa dakika kama tatu za nyuzi, yaani sehemu ya kumi ya upana wa mwezi mpevu. XRT inashuka hadi sekunde chache za nyuzi. Chombo cha Fermi, GBM, kinaweza kukosea kwa nyuzi kadhaa, eneo linalomeza miezi mingi. Ukipata ujumbe wa Fermi peke yake, usihangaike kutafuta nukta. Hujui iko wapi.

Kwa Dec, hesabu ya Njombe ni rahisi: kitu chenye Dec kati ya +50 na −69 kitapanda angalau nyuzi 30 juu ya upeo wetu kwa wakati fulani. Nje ya hapo kitakuwa chini mno, au vilima vitakizuia.

Mwisho, angalia IMAGE_SIGNIF, kipimo cha jinsi picha ilivyo dhahiri. Ikiwa inazunguka 6.5, subiri XRT ithibitishe. Ikiwa 15 au 20, amka.

Mfano: Jumapili, 9 Oktoba 2022

Huu ndio mlipuko mkali kuliko wote uliowahi kurekodiwa, nao ni somo zuri kwa sababu ujumbe wa kwanza wa Swift uliwapoteza hata wataalamu.

Fermi iliunasa saa 13:16:59 UTC. Toa tatu: saa 10:16 jioni Njombe. Swift haikuuona wakati huo. BAT iliamka saa 14:10:17, yaani saa 11:10 jioni yetu, karibu saa nzima baadaye, na Swift ikaripoti kitu kipya chenye kung'aa sana kwenye RA 288.26, Dec +19.77. Gawa 288.26 kwa 15, unapata saa 19 na dakika 13. Mahali hapo pako karibu na ukanda wa Njia Nyeupe, njia ya maziwa kama wengine wanavyoiita, ambako vitu vinavyong'aa ghafla kwa kawaida ni vya ndani ya galaksi yetu. Kwa hiyo kikapewa jina la kitu cha jirani, Swift J1913.1+1946, na mlipuko haukutajwa.

Waliosoma ujumbe huo na kulala walikosa. Waliosubiri Circulars waliona mambo yakibadilika: watu wakalinganisha mahali pa Swift na eneo pana la Fermi, wakakuta ni kitu kimoja. Swift ilikuwa imekamata masalia ya mwangaza, baada ya mlipuko wenyewe kupita, na masalia hayo yalikuwa makali kiasi cha kuiamsha. Ndipo jina la GRB 221009A likaanza kutumika. Darubini kubwa ya VLT nchini Chile ikapima umbali: nuru yake ilisafiri kama miaka bilioni 1.9.

Sasa jiulize, mtu wa Njombe angefanya nini jioni ile? Ukiweka namba hizo kwenye Stellarium utaona kwamba jua lilipozama, mahali pale palikuwa karibu na kilele chake, kaskazini, nyuzi kama 61 juu ya upeo, na pakazama kuelekea saa sita na nusu usiku. Nafasi nzuri kabisa. Lakini usiku ule ulikuwa wa mwezi mpevu, ukichomoza mashariki wakati huo huo, na vumbi la galaksi yetu lilikuwa limeupunguza mwanga mno. Kwa macho, hakuna kitu. Kwa data ya Swift, ilikuwa karamu.

Kusoma grafu ya mng'ao

Hapa ndipo penye uhondo wa kweli, na sioni sababu ya mwanafunzi wa kidato cha nne kushindwa.

1. Ukishapata jina la mlipuko, fungua swift.ac.uk, tovuti ya kituo cha data cha Swift kilichopo Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza. Tafuta grafu za XRT, kisha jina la mlipuko wako. Zinachorwa na mashine na kuongezwa kila data mpya inaposhuka.
2. Angalia mihimili kabla ya kuangalia nukta. Hatua moja kwenye kila mhimili ni mara kumi ya iliyotangulia: sekunde 100, 1,000, 10,000. Anayezoea grafu za darasani hukosea hapa, akadhani mwangaza unashuka polepole kumbe unaanguka.
3. Sifuri ya muda ni wakati wa mlipuko. Kwenye 221009A jambo hili lilizua mkanganyiko, kwa kuwa Swift ilihesabu kutoka kuamka kwake na Fermi kutoka kwenye mlipuko wenyewe.
4. Tafuta maumbo. Mara nyingi mwanzo kuna mteremko mkali, kisha sehemu tambarare, kisha mteremko wa wastani. Katikati kunaweza kuwa na vilima vya ghafla. Hivyo ni mimweko ya baadaye, wala si kosa la chombo.
5. Pima kasi ya kufifia. Chagua nukta mbili kwenye mteremko ulionyooka, moja ikiwa na muda mara kumi ya nyingine. Gawanya mwangaza wa kwanza kwa wa pili. Ukipata 16, chukua logi yake: 1.2. Hiyo ndiyo namba ambayo wanaastronomia wangeiandika kwenye Circular yao. Ifungue, ulinganishe.

Hatua ya tano ifanye kwa mkono, kwenye daftari, angalau mara ya kwanza. Programu zitakupa jibu lenye desimali sita usilolielewa.

Ukipenda kazi ya pamoja, tovuti ya Zooniverse imekuwa na mradi wa Burst Chaser, unaowaomba watu wa kawaida kupanga maumbo ya mimweko ya Swift kwa macho, kazi ambayo kompyuta bado inababaika nayo. Angalia kama una data wakati unapoingia.

Kama una darubini, au shule inayo

Kuna kipimo cha mng'ao ambacho namba ikipanda, kitu kinafifia. Jicho usiku wa giza linafika kama 6, na darubini ya mikononi kama 9 au 10. Mng'ao wa baada ya mlipuko, saa chache za mwanzo, kwa kawaida uko 16 hadi 20. Kamera ya simu isahau. Darubini ya sentimita 20 au zaidi yenye kamera ya astronomia na mota ya kufuata nyota inaweza, ukiwahi.

Wapo waliowahi. Julai 2003 Berto Monard, mwanaastronomia wa ridhaa wa Pretoria, Afrika Kusini, aliugundua mng'ao wa GRB 030725, wa kwanza kugunduliwa na mtu wa ridhaa. Na upo mlipuko mmoja uliofika hata kiwango cha macho: GRB 080319B, 19 Machi 2008, uliong'aa kwa nusu dakika hivi zaidi ya nyota hafifu tunazoziona, ingawa ulitoka umbali wa miaka ya nuru bilioni 7.5. Njombe ilikuwa saa 3:12 asubuhi. Watu walikuwa shambani.

Hatua ni hizi. Subiri mahali pa XRT, usitumie pa BAT. Piga picha nyingi fupi badala ya moja ndefu. Linganisha na picha ya zamani ya eneo hilo hilo, na utafute nukta isiyokuwepo. Rudia baada ya saa moja: ikiwa nukta imehama ni asteroidi inayopita, ikiwa imefifia mahali pale pale umepata.

Hali ya hewa yetu ina mambo yake. Novemba hadi Aprili ni mvua. Juni na Julai ni kavu lakini ukungu unashuka, na umande unaganda kwenye kioo. Kifunike kwa kola ya karatasi ngumu, usikifute kwa kitambaa. Agosti hadi Oktoba ndiyo miezi ya kuaminika zaidi, ukiacha moshi wa kuchoma mashamba. Makambako ondoka kwenye taa za stendi na malori ya barabara kuu. Ramadhani tafuta uwazi wenye upeo wa kaskazini na kusini.

MAKOSA YA KAWAIDA

Kutangaza kabla ya kuthibitishwa. Si kila ujumbe ni mlipuko. Miale ya jua, chembe za angani na nyota za sumaku za galaksi yetu huvidanganya vitambuzi. Ujumbe wa kufuta unaweza kuja dakika chache baadaye. Subiri XRT au Circular moja kabla ya kuwaamsha wenzako, na kamwe usipeleke kwenye kundi la WhatsApp la kata kwamba "kuna hatari". Hakuna hatari. Milipuko hii iko mbali mno.

Kuomba setilaiti igeuke kwa majaribio. Swift hupokea maombi ya kutazama kitu kutoka kwa mtu yeyote aliyejisajili. Ni ukarimu mkubwa, na unaharibiwa na wanaoomba ili waone kama inafanya kazi. Kila dakika inayokupa wewe imenyang'anywa mwingine. Uwe na swali, na uwe umesoma kama limeshajibiwa.

Kusoma tarehe iliyo kwenye jina kwa mtindo wetu. GRB 221009A ni mwaka 22, mwezi 10, siku 09. Herufi A maana yake ni mlipuko wa kwanza siku hiyo. Ukisoma kinyume utatafuta mlipuko usiokuwepo.

KABLA YA KULALA

- Simu ina chaji, na sauti ya anwani ile imewashwa
- Stellarium imewekwa Njombe, si Dar es Salaam
- Daftari liko karibu: jina, saa ya UTC, saa yetu, RA, Dec, kosa, nani kathibitisha
- Mwezi uko wapi usiku huu
- Mtu wa pili anajua nani anasoma Circulars na nani anachora

Swift yenyewe imezeeka na obiti yake imekuwa ikishuka. Mwaka 2025 NASA ilitoa mkataba kwa kampuni ya Katalyst itume chombo cha kuisukuma juu. Kwa hiyo ukikaa wiki mbili bila ujumbe wake, usianze kulaumu barua pepe yako. Ingia kwenye tovuti ya Swift usome hali ya setilaiti, na hakikisha alama ya Fermi hujaitoa.